Hedhi ikishakata, usikae baada ya kula

Wamama na madada ambao hedhi imeshakata, hii nimeipata kliniki juzi naomba muishike: tembea nusu saa kila siku, mwendo wa haraka kidogo mpaka jasho jembamba litoke, hasa siku ya pilau au wali wa nazi. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikishapungua mafuta ya chakula yanachelewa kutoka kwenye damu, yanaendelea kupanda hata masaa matatu manne baada ya kula, ndo maana sahani ile ile uliyokula miaka yote bila shida sasa inakuja kuonekana kwenye kipimo cha damu. Misuli ikifanya kazi inayavuta hayo mafuta inayachoma. Ila faida haikai, ukiacha siku mbili tatu umerudi pale pale. Na ukishushia soda au juisi ya sukari unajirudisha nyuma, ini linageuza sukari ikizidi kuwa mafuta hayo hayo, traigliseridi wanaziita. Kama umeandikiwa dawa usiache jamani, na kifua kikibana ukiwa unatembea simama, nenda hospitali saa hiyo hiyo.