Mnatunga igizo jipya kama kundi? Skripti isubiri kidogo

Haya, mko watu sita au nane, wazo mnalo, na tayari kuna mmoja keshafungua laptop anaandika "Onyesho la Kwanza". Mwambieni aifunge. Mkianza na maandishi mtageuka kuwa wakariri wa mtu mmoja, na wiki ya pili mtaanza kununiana.

Siku za mwanzo kila mtu aje na kitu, siyo mada, kitu. Mada kama rushwa inawafanya wote mhutubie. Lakini mtu akija na kanga ya bibi yake yenye jina la kuuma, mwingine na ugomvi aliousikia kwenye daladala, hapo pana pa kuanzia. Dairekta atoe hali tu, mfano mama karudi kutoka msibani akakuta kitasa cha mlango kimebadilishwa, wawili waingie wacheze bila kupanga maneno, dakika tano, asiwakatishe mtu. Waliocheza vichekesho wanaijua hii, mnakubaliana kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi basi, maneno mnayakuta hukohuko mbele ya watu.

Rekodini kila kitu, simu ikae juu ya kiti. Mwandishi wa kundi (awe mmoja, nasisitiza, kalamu ya watu wanane haiandiki) anasikiliza usiku anachukua yale yaliyo hai. Mengi yatakuwa takataka, msimlaumu. Katika dakika tano unaweza kupata sentensi mbili, ila hizo mbili hata ungejifungia mwezi mzima usingezitunga.

Mkibishana, na mtabishana, msimalize kwa mdomo. Binti anaondoka au anabaki? Chezeni zote mbili, mara nyingi jibu linaonekana kabla hata hamjakaa chini. Isipoonekana, dairekta aamue mambo ya jukwaani na mwandishi aamue ya kwenye karatasi, maisha yaendelee.

Sasa rasimu ikipatikana itoeni nje ya kundi, hapa ndipo wengi tunaogopa. Kijijini Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipeleka rasimu ya Ngaahika Ndeenda (igizo la Kikuyu, kwa Kiswahili Nitaolewa Nikipenda) kwa wanakijiji wenyewe, wakulima na vibarua, wakaichambua na kuongeza ya kwao. Mazoezi yalifanyika peupe, anayepita anasimama na kutoa maoni, na wazee walikuwa wanasahihisha hadi lugha, kwamba mzee wa umri huu hasemi hivi. Igizo lilifunguliwa tarehe 2 Oktoba, katikati ya Novemba serikali ikafuta kibali. Nadhani unaona kwa nini, watu walikuwa wanajiona wenyewe pale. Kwa hiyo igizo lenu likiwa la wavuvi, wavuvi wakae kwenye mazoezi, siyo siku ya onyesho tu wapigwe picha.

Jambo la majina limalizeni mapema, tena kwa maandishi. Niliwahi kuwa kwenye kundi moja, tulitunga wote miezi mitatu, bango likatoka na jina moja, la mwenye laptop! Hatukuwa tumeandikiana chochote kwa hiyo hata pa kulalamikia hapakuwepo. Mbona inawezekana: igizo la Harakati za Ukombozi la 1982 lina majina matatu ya watunzi, Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando. Karatasi moja inatosha, nani anaitwa mtunzi, pesa ya kiingilio inagawanywaje, na igizo likichezwa na kundi jingine nani anaombwa ruhusa.

Wekeni na siku ya kufunga skripti, mimi napenda wiki mbili kabla ya onyesho. Baada ya hapo kukata ruksa, kuongeza hapana, hata wazo liwe tamu vipi, maana mwigizaji anayeletewa mistari mipya asubuhi ya onyesho, jioni atasimama pale anatafuta maneno badala ya kucheza.

Halafu onyesho la kwanza, mwandishi na dairekta msikae nyuma mkitazama jukwaa, igizo mnalijua. Kaeni pembeni muwaone watu. Pale wanapoanza kutoa simu mfukoni andikeni ni mstari gani, Jumatatu mkikutana anzieni hapo.