Kufundisha darasa kuimba kwa njia ya Lowell Mason

Mason, mwalimu wa muziki Mmarekani, alifundisha bila malipo katika shule ya Hawes, Boston, na mwaka 1838 muziki ukaingizwa rasmi katika shule za umma za mji huo. Kanuni yake, yenye asili kwa Pestalozzi, mwanaelimu wa Uswisi, bado inafaa: mtoto aimbe kwanza, alama za muziki (nota) azione baadaye.

Basi ubao ubaki mtupu. Imba do, re, mi polepole mara mbili, watoto wakisikiliza tu. Kisha waitikie wao, nawe unyamaze. Hapa ndipo walimu wengi huharibu: ukiimba pamoja nao, humsikii anayepotea. Weka do kwenye sauti ya D, hatua moja juu ya C iliyo katikati ya kinanda. Ukiishusha zaidi, watoto watanguruma tu.

Wakishashika, uliza: sauti ipi iko juu, ipi ndefu? Waonyeshe mapigo 4 kwa mkono: chini, kushoto, kulia, juu. Ndipo uchore mistari 5 ya nota na kuandika zile sauti 3 walizokwisha kuzijua, si zaidi.

Sauti zikianza kushuka, usikaripie. Mara nyingi wamechoka au wamekaa wamejikunja. Wasimamishe, toa do upya, endelea.