Kupima msimamo wa wahudumu wa afya kuhusu dozi za nyongeza: tenganisha asiyetaka na aliyekosa nafasi

Muuguzi aliyepata dozi mbili za chanjo ya UVIKO-19 kisha akaacha ya tatu si mpinga chanjo. Mkono wake ameshautoa mara mbili. Dodoso linalomtia kapu moja na asiyechanjwa kabisa litakupa asilimia, lakini halitakuonyesha pa kuanzia kazi.

Anza kwa kutaja chanjo moja moja, maana neno "nyongeza" halibebi maana ileile kila mahali. Kwa pepopunda na dondakoo, miongozo mingi humtaka mtu mzima arudie kila baada ya miaka 10. Mafua huchanjwa kila msimu, kwa sababu virusi hubadilika na kinga hupungua. Homa ya ini B ndiyo inayowakosesha watafiti wengi: mtu hupata dozi 3 (mwanzo, mwezi wa 1 na mwezi wa 6), kisha hupimwa kingamwili (protini za damu zinazopambana na kirusi) mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Aliyefikisha kingamwili 10 mIU/mL (kipimo cha wingi wake katika kila mililita ya damu) au zaidi, na kinga ya mwili wake haina hitilafu, hahitaji nyongeza. Basi mtaalamu wa maabara akijibu "sihitaji", huenda yuko sahihi kabisa, na ukimwandika kuwa anasitasita umeharibu data yako mwenyewe.

Idadi ya wahojiwa si kazi ngumu. Kwa kanuni ya Yamane, fomula ya kukadiria ukubwa wa sampuli, gawanya idadi ya watu wote kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloruhusu. Hospitali yenye wahudumu 600, kwa kosa la 0.05, inahitaji 240. Ukitarajia mmoja kati ya watano asijibu, sambaza madodoso 300. Kada ndogo usiipunguze kwa uwiano: maabara ikiwa na watu 25, wahoji wote 25, kisha urekebishe uzito wao unapokokotoa jumla, ili majibu yao yasizidi sehemu yao halisi katika hospitali. Wafanya usafi wasisahaulike, kwani nao hushika taka zenye sindano. Wanafunzi wa udaktari wagawe makundi mawili, wanaoingia wodini na wale ambao bado wako madarasani. Hatari wanayokutana nayo si moja, wala sababu zao si moja.

Kwa maswali, mfumo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2022 unafaa: mtu anavyofikiri na kuhisi, watu wanaomzunguka, nia yake, na vikwazo vya kivitendo. Tatizo huwa kwenye maneno. Tazama sentensi hii: "Naamini dozi ya nyongeza ni salama na inazuia ugonjwa mkali." Mhojiwa anayeamini usalama lakini ana shaka na ufanisi atatia alama katikati, nawe utasoma kwamba hana msimamo. Zifanye sentensi mbili. Vilevile "Je, umechanjwa kikamilifu?" haifai, kwa kuwa kila mtu ana hesabu yake ya ukamilifu. Uliza idadi ya dozi na mwezi wa dozi ya mwisho.

Kisha fuata ngazi hizi bila kuruka: Je, ulipewa nafasi ya kupata nyongeza? Ikiwa ndiyo, uliipata? Ikiwa hukuipata, sababu kuu ni ipi? Katika majibu weka vikwazo vya kazini waziwazi: chanjo hutolewa nikiwa zamu ya usiku, dozi zilikwisha, naogopa homa ya kesho yake wakati sina ruhusa ya kupumzika. Ukiweka "siamini chanjo" na "sababu nyingine" tu, aliyekosa muda atahesabiwa na wasioamini.

Nani anayegawa dodoso? Asiwe msimamizi wa wodi, wala mhadhiri anayesahihisha mitihani. Mwanafunzi anayejua karatasi yake itapita mikononi mwa mwalimu atajibu kinachompendeza mwalimu. Tumia sanduku lililofungwa, usichukue majina, na uwe na kibali cha kamati ya maadili kabla ya yote. Angalia pia taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu hata bila jina: umri kamili, jinsia, kitengo na miaka ya kazi vikikaa pamoja vinamfichua mwanamume pekee wa wodi ya wazazi. Weka umri kwa makundi, na usichapishe jedwali la kundi lenye watu chini ya 5.

Jaribu dodoso kwa watu 20 hadi 30 ambao hawatakuwa kwenye sampuli. Waombe wakueleze kwa maneno yao kila swali walilielewaje. Hapo ndipo makosa hujitokeza, mapema kuliko kwenye hesabu yoyote.

Katika uchambuzi, toa kwanza asilimia ya waliorudisha madodoso, kwa kuwa wanaonyamaza mara nyingi hutofautiana na wanaojibu. Baada ya hapo watenge wasiotaka na waliozuiwa, kwa kila kada. Wasiotaka wanahitaji mazungumzo ya faragha na mwenzao wa kada ileile, anayeanza kwa kusikiliza wasiwasi wao. Waliozuiwa wanahitaji chanjo iletwe wodini wakati wa kubadilishana zamu. Maumivu ya mkono, uchovu na homa kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mpange kila mmoja siku inayotangulia mapumziko yake, na msichanje wodi nzima siku moja.