Anaimba "ba be bi bo bu" lakini hasomi: mchunguze hivi nyumbani

Nafundisha elimu maalumu Temeke. Kila Januari huletewa mtoto wa darasa la tatu na kuambiwa, "Mwalimu, huyu mvivu tu." Inaniuma, kwa sababu mara nyingi mtoto mwenyewe ameshaliamini neno hilo. Kabla hujalitamka, chukua daftari, fuata hatua hizi kwa wiki mbili au tatu ili kuona kama ana ugumu wa kujifunza kusoma, kuandika au kuhesabu, na uandike unachokiona.

Hatua ya 1: Macho na masikio. Mpeleke hospitali apimwe. Mtoto anayetoka usaha masikioni anaweza kushindwa kutofautisha "pa" na "ba", na hapo utamlaumu bure.

Hatua ya 2: Vuruga wimbo. Hapa wazazi wengi hudanganyika, hata sisi walimu. Darasa limejaa, wote wanaitikia kwa pamoja, mtoto anashika wimbo wote kichwani bila kujua herufi hata moja. Kata vipande vya boksi, andika silabi moja kwenye kila kipande, vichanganye. Mwonyeshe "bo" peke yake. Akinong'ona "ba, be, bi" mpaka aifikie, bado hasomi. Kwenye kitabu, ziba picha na umwanzishie mstari wa mwisho.

Hatua ya 3: Sauti bila karatasi. Apige kofi kwa kila silabi: da-la-da-la, makofi manne. Kisha mwambie, "Sema kalamu. Haya, iseme bila ka." Jibu ni "lamu". Mtoto wa miaka minane anayekwama hapa kila siku hunitia wasiwasi kuliko wa miaka sita anayegeuza b kuwa d. Wadogo wengi hugeuza herufi, kisha huacha.

Hatua ya 4: Mdomo na kalamu. Msimulie kisa cha sungura na fisi, naye akusimulie, halafu aandike sentensi tatu. Akisimulia vizuri lakini kwenye karatasi maneno yameungana na "mandazi" imekuwa "madazi", andika tarehe na utunze karatasi hiyo. Pengo hilo ndilo ninalolitafuta. Akiandika "kurara" kwa sababu nyumbani ndivyo mnavyotamka, hiyo ni lafudhi, usiihesabu. Na kama anasoma shule ya Kiingereza, mchunguze kwa lugha anayoongea nyumbani.

Hatua ya 5: Dukani. Mpe shilingi 1,000, kitu ni 700. Muulize chenji kabla muuzaji hajaitoa. Wa darasa la nne anayerudi kuhesabu vidole kuanzia moja kila mara, andika.

Hatua ya 6: Shuleni. Nenda na daftari. Ulichokusanya ni dalili, kwa hiyo usimpachike mtoto jina la tatizo. Mwombe mwalimu mkuu akuunganishe na afisa elimu maalumu wa manispaa kuhusu upimaji. Wakati mnasubiri, omba akae mbele, aongezewe muda, na asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake ghafla. Vile vipande vya boksi endelea navyo nyumbani, dakika 10 kila jioni, kabla usingizi haujamzidi.