Kwenda Saiwa Kumtazama Nzohe

Anayetoka Kisumu kwenda Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, kwenye uwanda wa juu wa Trans Nzoia, na apitie Kakamega na Webuye hadi Kitale, alale huko, kwa sababu nzohe, swala aishiye kwenye vinamasi, huonekana hasa alfajiri na jioni, na atakayefika saa nne asubuhi ataambulia mafunjo matupu. Chagua Januari au Februari, kabla mvua hazijatelezesha njia. Kiingilio ulipe mapema kwenye tovuti ya serikali, maana langoni pesa taslimu hazipokelewi.

Hifadhi hii iliyotengwa mwaka 1974 ni ndogo mno, nayo hutembelewa kwa miguu. Kwa hiyo beba sweta, viatu visivyopitisha maji na darubini. Panda jukwaa la mbao, uketi kimya hata saa nzima. Kwanza utaona mafunjo yakitikisika pasipo upepo, kisha mnyama mwenye kwato ndefu zilizotanuka, zinazomwezesha kukanyaga tope bila kuzama. Akishtuka hujitosa majini, akaacha pua tu juu. Ukirudi, angalia mitini: huenda ukamwona kalasinga, kima mwenye ndevu nyeupe, ambaye kwangu mimi anatosha kuwa sababu ya safari.