Jinsi ya Kusoma na Kuandika Jina la Kisayansi la Kiumbe

Jina la kisayansi la kiumbe lina sehemu mbili: ya kwanza ni jina la jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na ya pili ni neno linaloitofautisha spishi hiyo (aina moja ya kiumbe) na nyingine zilizomo katika jenasi hiyohiyo. Simba huitwa *Panthera leo* na chui *Panthera pardus*, kwa hiyo msomaji anayekutana na majina hayo, hata kama hajawahi kuwaona wanyama wenyewe, ameshaambiwa kwamba wataalamu wanawahesabu kuwa jamaa wa karibu. Mtindo huu uliimarishwa na Carl Linnaeus wa Uswidi, na vitabu vyake viwili ndivyo vilivyofanywa mwanzo wa kuhesabu majina, yaani mwaka 1753 kwa mimea mingi na mwaka 1758 kwa wanyama.

Unapoandika, anza jenasi kwa herufi kubwa na neno la pili kwa herufi ndogo, hata kama neno hilo limetokana na jina la mtu: *Equus grevyi*, aina mojawapo ya punda milia, amepewa jina la Jules Grévy aliyekuwa rais wa Ufaransa, lakini herufi g hubaki ndogo. Maneno yote mawili huchapwa kwa herufi za mlazo, na ukiandika kwa mkono unayapigia mstari. Baada ya kulitaja jina kwa ukamilifu mara moja, unaweza kufupisha jenasi ukaandika *P. leo*, ila usifanye hivyo ikiwa makala yako ina jenasi nyingine inayoanza na herufi hiyohiyo, maana msomaji atachanganyikiwa. Usiandike kamwe neno la pili peke yake. *Vulgaris* ni maharagwe (*Phaseolus vulgaris*), na ni kindi mwekundu pia (*Sciurus vulgaris*).

Sehemu ambayo wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote, ni jina la mtu na mwaka vinavyofuata. Chukua shomoro wa majumbani: *Passer domesticus* (Linnaeus, 1758). Mwaka unaonyesha ni lini spishi ilipewa jina, na mabano yanaonyesha kwamba aliyeipa jina aliiweka katika jenasi nyingine. Linnaeus alimwita ndege huyo *Fringilla domestica*. Baadaye alipohamishiwa jenasi ya *Passer*, neno la pili likabadilika mwisho wake, kwa kuwa *Fringilla* ni la jinsia ya kike katika Kilatini na *Passer* ni la kiume, na kivumishi hufuata nomino kama kinavyofuata ngeli ya nomino katika Kiswahili. Binadamu, *Homo sapiens* Linnaeus, 1758, hana mabano, kwa sababu hajahamishwa. Wataalamu wa mimea huenda hatua moja mbele na kumtaja aliyehamisha pia: katika *Sorghum bicolor* (L.) Moench, yaani mtama, L. ni Linnaeus aliyetoa jina la awali, na Moench ndiye aliyeupeleka mmea huo kwenye jenasi ya *Sorghum*.

Juu ya jenasi kuna ngazi nyingine, nazo kuanzia chini ni familia, oda, ngeli (hapa si ya sarufi), faila, himaya na domeni. Huna haja ya kuzikariri zote kwa kila kiumbe, ila mwisho wa neno utakusaidia: familia za wanyama huishia na -idae, kama Felidae ya simba, na za mimea huishia na -aceae, kama Poaceae ya mtama na mahindi.

Ukitaka kujua kiumbe kimewekwa wapi, usitegemee sura. Duma na chui wote wana madoa na wote wamo katika Felidae, lakini duma ni *Acinonyx jubatus*, na kinasaba yuko karibu zaidi na puma wa mabara ya Amerika kuliko na chui. Pimbi anafanana na panya mkubwa asiye na mkia, ilhali jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Uainishaji wa leo hufuata nasaba, na ushahidi wake hutoka kwenye DNA, mifupa na viungo vya ndani, ndiyo maana majina huhama kadiri ushahidi unavyoongezeka.

Anayeamini amepata spishi mpya huanza kwa kuthibitisha kwamba haijapewa jina, kwa kuwa kanuni ya msingi ni kwamba jina halali lililotangulia ndilo linaloshika. Kisha huteua sampuli moja ya kielelezo, ambayo jina litafungamana nayo daima, akaihifadhi katika makumbusho au hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), na kuchapisha maelezo. Kwa mimea, tangu mwaka 2012 maelezo hayo yanaweza kuwa ya Kilatini au ya Kiingereza. Kanuni hazimkatazi kuipa spishi hiyo jina lake mwenyewe, lakini wenzake watamcheka.

Ikiwa umetambua jenasi tu, andika *Panthera* sp., na kifupisho hicho kisiwe cha mlazo, spp. humaanisha spishi kadhaa za jenasi hiyo. Ikiwa jina limebadilika karibuni, taja la zamani kwenye mabano mara ya kwanza, hasa kwa migunga: baada ya uamuzi wa kongamano la mimea la Vienna la mwaka 2005, jina *Acacia* lilibaki na kundi ambalo spishi zake nyingi ni za Australia, na mti wa gundi ya arabuni sasa huandikwa *Senegalia senegal* (zamani *Acacia senegal*), ingawa vitabu vingi vilivyoko maktabani bado vinautaja kwa jina la awali.