Somo: Kukatalogi kitabu cha taaluma, kutoka mezani hadi rafuni

Habari zenu wakutubi wenzangu. Vijana walioanza kazi karibuni wameniuliza jambo moja mara nyingi. Vitabu vinaingia vya sheria, udaktari, kilimo na falsafa, na mtu mmoja anatakiwa avishughulikie vyote, ilhali hakusomea hata fani moja kati ya hizo. Inawezekana kabisa. Kinachotakiwa ni kujua kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nani, na kukumbuka kwamba kwenye rafu kitabu kina mahali pamoja tu, lakini kwenye katalogi kinaweza kuwa na milango mingi kadiri utakavyoifungua.

Hatua ya 1: Angalia kama kazi imeshafanyika

Ingiza ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kitabu, kwenye katalogi yenu kwanza. Huenda ni nakala ya pili, inahitaji msimbopau tu. Kama hakipo, tafuta katika katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani au WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi duniani, uchukue rekodi iliyopo. Ila usiichukue bila kuikagua: linganisha jina, toleo, mwaka na idadi ya kurasa na kitabu ulichokishika mkononi. Zile taarifa za katalogi zinazochapwa nyuma ya ukurasa wa jina nazo ziwe msaada tu. Huandaliwa kabla kitabu hakijachapwa, ndiyo maana mara nyingi hazina idadi ya kurasa, na pengine hata jina lilibadilishwa baadaye.

Hatua ya 2: Andika maelezo yake

Fuata ukurasa wa jina, usifuate jalada. Kwenye MARC 21, muundo wa kuandikia rekodi za katalogi kwenye kompyuta, kila taarifa ina uga wake, yaani sehemu yenye namba: ISBN inakaa uga wa 020, mwandishi 100, jina la kitabu 245, toleo 250, mchapishaji na mwaka 264, kurasa 300. Kanuni za kukatalogi ziitwazo RDA, zilizotoka mwaka 2010 kuchukua nafasi ya kanuni za zamani za AACR2, zinataka uandike kile unachokiona: kama kitabu hakikufupisha neno, nawe usilifupishe.

Kuna kosa moja dogo ninalokutana nalo kila wiki. Uga wa 245 una viashiria viwili, yaani tarakimu mbili za maelekezo, na cha pili huiambia kompyuta iruke herufi ngapi wakati wa kupanga kwa alfabeti. Jina la Kiswahili huwekewa 0, kwa kuwa lugha yetu haina maneno kama "The". Jina la Kiingereza linaloanza na "The" huwekewa 4: herufi tatu pamoja na nafasi moja. "An" ni 3, "A" ni 2. Ukiacha 0 penye "The", kitabu kinajificha kwenye herufi T.

Hatua ya 3: Kisome kabla ya kukipa namba

Simaanishi ukurasa kwa ukurasa. Soma dibaji, yaliyomo, sura ya kwanza kidogo, kisha pitisha macho kwenye faharasa uone maneno gani yana kurasa nyingi. Dakika kumi zinatosha kwa vitabu vingi.

Nasisitiza hili kwa sababu liliniumiza. Nikiwa mgeni kazini nilipokea kitabu cha takwimu, nikaona neno "takwimu" kwenye jina, nikakipa 519.5 kwenye Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, kikaenda kukaa na hisabati. Dibaji ilisema wazi kwamba kimeandikwa kwa watafiti wa tiba, na kila mfano ndani yake ulihusu wagonjwa. Kilikaa miaka bila kuazimwa. Tulipokihamishia 610.727, kwenye rafu za tiba, kilianza kutoka. Kitabu ni kilekile. Kosa lilikuwa langu, na wanafunzi ndio waliokikosa muda wote huo.

Kanuni yenyewe ni hii: fani moja ikitumika kuhudumia nyingine, kitabu kinakwenda kwenye ile inayohudumiwa.

Hatua ya 4: Chagua namba

Tuchukue kitabu kuhusu mimea ya dawa. Kikieleza majani, maua na namna ya kuutambua mmea, kinakwenda 581.634, upande wa botania. Kikieleza kemikali zilizomo na namna zinavyofanya kazi mwilini, ni 615.321, upande wa dawa. Kikieleza tiba za jadi zenyewe, ni 615.88. Jina kwenye jalada linaweza kuwa moja kwa vitabu vyote vitatu! Wanaotumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani wana uamuzi uleule: QK kwa botania au RS kwa famasia.

Hatua ya 5: Fungua milango

Hapa ndipo pa kuwa mkarimu. Kitabu chetu kikikaa 615.321, mwanafunzi wa botania hatakiona akipita rafuni kwake. Basi mpe vichwa vya mada, yaani maneno rasmi ya kutafutia, kwenye uga wa 650: kimoja cha mimea ya dawa, kimoja cha famasia, na kama kuna eneo linalozungumziwa, kichwa chake kiingie uga wa 651. Vichukue kwenye orodha mnayoitumia, usijitungie, la sivyo mada moja itatawanyika chini ya majina matatu. Kisha andika yaliyomo kwenye uga wa 505. Wengi huuruka kwa kuona unachosha, lakini wanafunzi hutafuta kwa maneno ya kwenye sura, na maneno hayo hayapo kwenye jina la kitabu.

Hatua ya 6: Lebo

Ongeza kwenye namba alama ya mwandishi kutoka jedwali la Cutter, linalogeuza jina la mwandishi kuwa herufi na tarakimu, pamoja na mwaka, hakikisha namba haijagongana na nyingine, bandika lebo, peleka rafuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kitabu kina sura kumi na tano, kila moja na mwandishi wake, na wahariri wawili. Nani anaingia 100?

Marahaba. Hakuna. Kitabu cha namna hiyo huingizwa kwa jina lake. Wahariri waweke uga wa 700, ukionyesha kuwa ni wahariri, na waandishi wa sura waonekane kwenye 505.

Nusu ya kitabu ni uchumi, nusu ni kilimo, na hakuna kinachomhudumia mwenzake. Nifanyeje?

Pima kwanza kipi kimepewa nafasi kubwa zaidi. Vikilingana kweli, Dewey inataka namba inayotangulia: uchumi ni 330, kilimo ni 630, basi weka 330. Kilimo kipate kichwa chake cha mada.

Toleo la tatu limefika na tunalo la pili. Niongeze kama nakala?

Hapana, tengeneza rekodi mpya. Namba ibaki ileile, mwaka ubadilike, yakae jirani rafuni. Ila kama kimechapwa upya bila kubadilishwa chochote, hiyo ni nakala tu.

Je, tasnifu ambayo haikuchapishwa? Haina ISBN wala mchapishaji.

Acha 020. Kwenye 264 tumia kiashiria cha pili 0, kinachoonyesha utayarishaji badala ya uchapishaji, na uandike mwaka. Kisha jaza uga wa 502: shahada, chuo na mwaka. Vichwa vya mada vishughulikie kama vya kitabu kingine chochote, kwa sababu tasnifu nyingi haziko kwenye katalogi ya maktaba nyingine yoyote. Usipoifungulia mlango wewe, huenda hakuna mwingine atakayeifungulia.